Kompyuta Haiyajui Makuti Mpaka Uiambie



Mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha kamati ya madrasa moja hapa Amu. Kulikuwa na mpango wa kujenga bweni la watoto wanaotoka visiwani, Faza, Kizingitini, Ndau na kwingineko. Mchoro ulikuwa mzuri: chini mawe na chokaa kama nyumba zetu za zamani, juu ukumbi mpana wa makuti ulio wazi pande zote, upepo upite na watoto walale huko siku za joto. Mtaalamu aliyeletwa kutoka mjini akafungua kompyuta yake ya mkononi akatuonyesha picha zinazotembea. Moto unaanza jikoni juu kule, moshi wa rangi ya kijivu unapanda, unagusa paa, unatambaa kidogo, kisha unapoa na kutulia. Ngazi ikabaki nyeupe muda wote. "Dakika kumi," akasema, "na njia ya kutokea bado iko salama." Watu wakasema mashaallah.

Ami yangu, ambaye amekuwa fundi wa mawe na chokaa tangu ujana wake, aliniinamia sikioni. "Mwanangu, hiyo mashini yajua kuwa yale ni makuti?"

"Ngoja nimuulize, Ami," nikamwambia.

Nikauliza: paa umelipa uso gani? Yule bwana akajibu kwamba paa limewekwa kama lilivyo kwenye mchoro. Nikanyamaza, maana hilo halikuwa jibu la swali langu, nami sikutaka kumvunjia heshima mbele ya wazee. Baada ya kikao nilimwomba faili lake, naye, kwa uungwana, akanipa.

Mimi si mhandisi. Nina diploma ya ujenzi, na programu ile niliwahi kujifunza mwenyewe usiku baada ya nyumba ya jirani yetu kushika moto. Lakini jambo lenyewe si gumu kulielewa, na kwa kuwa michoro ya namna hii itazidi kuletwa kwetu, nimeona nilieleze.

Programu inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii inaitwa FDS. Imetengenezwa na taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuichukua bure. Kazi yake ni hii: inaikata hewa ya ndani ya nyumba iwe visanduku vidogo vidogo, tuseme vya sentimita 10 au 20 kila upande, kisha inapiga hesabu ya kila kisanduku, kila sehemu ya sekunde: joto lake ni kiasi gani, moshi ni mwingi kiasi gani, hewa inakwenda upande gani. Unachokiona kwenye kioo kama moshi ni jumla ya hesabu hizo, mamilioni kwa mamilioni.

Nyumba yenyewe, kuta, ngazi, dari, huchorwa kama matofali yaliyowekwa ndani ya hewa hiyo. Unaandika tofali linaanzia wapi na kuishia wapi, kwa urefu, upana na kimo. Basi. Hapo kompyuta imejua umbo. Haijajua kitu. Kwake tofali la saruji, rundo la makuti na godoro ni vitu vitatu vyenye ncha nane kila kimoja.

Kinachotenganisha vitu hivyo ni uso. Kila upande wa tofali unaogusana na hewa lazima upewe aina ya uso, na aina hiyo ndiyo inayobeba habari zote: kimetengenezwa kwa nini, ni kinene kiasi gani, kinapitisha joto haraka au polepole, kinahitaji joto kiasi gani ndipo kiwake, na kikishawaka kinatoa nguvu ngapi kwa kila mita ya mraba. Wataalamu huita habari hizo masharti ya mpaka, kwa sababu zinasema kinachotokea pale hewa inapokutana na kitu. Moto wote huamuliwa pale. Hewa yenyewe haiungui. Kinachoungua ni mvuke unaotoka kwenye uso uliopata joto.

Sasa, ukichora tofali ukasahau kulipa uso, programu haikugombi. Inalivisha uso wake wa kawaida, ambao kwa lugha yake unaitwa INERT, yaani kitu kisichofanya lolote. Uso huo hauwaki, hata ukiuwekea tanuri. Tena haupati joto. Unabaki kwenye joto lile lile la mwanzo tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, na joto hilo la mwanzo, usipolibadilisha, ni nyuzi 20 za Selsiasi. Nyuzi 20 ni baridi ambayo Amu ni nadra kuiona hata usiku wa kusi. Kwa hiyo moshi wa moto unapanda, unagusa paa ambalo ni kama bamba la barafu lisiloyeyuka, unanyang'anywa joto lake, unapoa, unapoteza nguvu. Ndicho tulichokiona kwenye kikao tukasema mashaallah.

Nilipolifungua faili la yule bwana nilikuta mistari ya matofali zaidi ya mia mbili, imepangwa vizuri sana. Mistari ya nyuso ilikuwa mmoja tu, wa ule moto wa jikoni. Kuta, dari, boriti, makuti, ngazi ya mbao, vyote vilikuwa kitu kimoja kisichowaka.

Mnaweza kuuliza, je, uso peke yake una uzito huo? Angalieni lililotokea Marekani katika mji wa West Warwick, jimbo la Rhode Island, usiku wa tarehe 20 Februari 2003. Ukumbi wa muziki uitwao The Station ulijaa watu. Fataki ziliwashwa jukwaani, cheche zikagusa ukuta. Ukuta ule ulikuwa umebandikwa sponji, jamii ya ile ya magodoro, ili kuzuia kelele zisiwafikie majirani. Kwa takriban dakika moja na nusu ukumbi ulikuwa haukaliki tena. Walikufa watu 100. NIST ilipochunguza ilitumia programu hii hii, na ilijenga pia mfano wa jukwaa lile na kulichoma kweli ili kulinganisha. Umbo la ukumbi halikuwa na hatia kubwa. Ungeuchora ukumbi ule ule, kimo kile kile na milango ile ile, ukaacha kuta zake zikiwa INERT, ungepata moto mdogo wa fataki unaozimika wenyewe. Unene wa ile ngozi ya ukutani ulikuwa wa kuhesabika kwa sentimita chache.

London nako, Juni 2017, jengo la Grenfell lilikuwa mnara wa zege uliosimama miaka mingi. Lilivishwa ngozi mpya ya nje yenye plastiki ndani yake, na moto wa jikoni moja ukapanda kwa ngozi hiyo mpaka juu. Watu 72.

Turudi kwetu. Ule moto wa jirani niliousema ulianzia kwenye kidari cha meko, jiko la juu kabisa chini ya makuti, usiku mmoja wa kaskazi ambapo hakukunyesha kwa wiki nyingi. Kabla watu hawajafika na ndoo, paa lilikuwa limekwisha. Cheche zikavuka uchochoro na kuangukia paa la pili. Lakini asubuhi tuliposhuka ndani tulikuta jambo lililonishughulisha miezi mingi. Msana wa tini haukuguswa. Misahafu ilikuwa kwenye zidaka zake, ina masizi juu ya majalada tu. Nyumba moja, moto mmoja, juu jivu na chini salama. Ndipo nilipoanza kuichora nyumba ile kwenye kompyuta, kwa kutaka kujua.

Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba nyumba ya Kiamu ni darasa zima la nyuso.

Chukua ukuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na kupigwa lipu ya chokaa, unene karibu nusu mita. Unauandika kwa tabaka: sentimita mbili za lipu, kisha mawe, kisha lipu tena. Ukuta wa namna hii hunywa joto polepole na hauwaki. Hata hivyo hauna kinga ya milele. Wazee wetu wanajua, maana chokaa yenyewe tunaipata kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo kwenye tanuu. Moto ukiwa mkali wa nyuzi 900 hivi na ukadumu, ukuta unaanza kurudi kuwa chokaa mbichi, na maji ya kuzimia yakimwagwa juu yake unajua mwenyewe kinachofuata.

Hapa nilifanya kosa langu la kwanza, nalo linawapata wengi. Nilichora ukuta wa nusu mita, nikaona yamekwisha. Kumbe unene uliouchora unahusu hewa tu, yaani hewa haipiti hapo. Unene unaotumika kuhesabu joto linavyopenya ni ule ulioandikwa kwenye mstari wa uso, na mimi nilikuwa nimeandika sentimita moja, nikiiga mfano wa kitabu wa ubao wa jasi. Kwa siku tatu niliona chumba cha pili kikiwaka kwa joto lililopita ukutani, nikastaajabu. Macho yangu yaliona ukuta mnene. Kompyuta ilihesabu ubao.

Chukua dari. Hii ndiyo ngumu na tamu zaidi. Ukiwa umelala kitandani ukitazama juu unaona boriti za mkoko, na juu yake vipande vya mawe. Ukipanda chumba cha juu ukakanyaga dari hiyo hiyo, unakanyaga sakafu ya chokaa. Basi tofali hilo moja lina nyuso mbili tofauti: chini yake ni mbao na mawe, juu yake ni chokaa tupu. Programu inakuruhusu kutoa aina tatu kwa tofali moja, ya juu, ya ubavuni na ya chini, au hata aina sita, kila upande na yake. Ukilipa dari zima uso wa mbao, sakafu ya juu nayo itawaka, jambo lisilokuwepo. Ukilipa lote uso wa chokaa, umezifuta boriti, ambazo ndizo zinazobeba nyumba.

Nami sikupenda kuupaka upande wote wa chini uwe mbao, kwa sababu baina ya boriti na boriti kuna mawe. Njia ya haki ni kuchora kila boriti peke yake. Boriti ni nene kama sentimita 12 hivi, kwa hiyo visanduku vya hewa navyo lazima viwe vidogo kuliko hapo. Na ukivigawa visanduku nusu kwa nusu idadi yake inakuwa mara nane, na muda wa kusubiri karibu mara kumi na sita. Kompyuta yangu ilikaa ikinguruma kutoka isha mpaka adhuhuri ya siku ya pili, na mke wangu akauliza kama nimeifungia jini ndani. Lakini matokeo yalifanana na tulichokiona: mbao nzito ile huungua kwa kuchomeka kaa polepole kutoka nje kuingia ndani, si hata milimita moja kwa dakika, na moto wa paa ulikwisha kabla boriti za chini hazijapata joto la kuwaka.

Chukua makuti sasa. Makuti si tofali. Yana hewa ndani yake, moshi unapenya, upepo unapita. Ukiyachora kama kifuniko kigumu umeuzuia moshi chini ya paa, nao katika paa la kweli sehemu yake hutoka. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulipa paa uso unaosema: ukifika joto fulani, waka, na toa nguvu kiasi fulani kwa kila mita ya mraba kwa muda fulani. Ya pili ni kuyaandika makuti kama maelfu ya vijiti vyembamba vinavyoning'inia hewani, kila kimoja kikipata joto chake, kama wanavyofanya wanaochunguza moto wa misitu. Ya pili ni ya kweli zaidi na inachosha zaidi. Cheche zinazorushwa na upepo mpaka paa la jirani ni kazi nyingine kabisa, inayowasumbua hata watafiti wakubwa. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya nyumba moja tu ya makuti, katika mitaa yetu ambapo ukinyoosha mkono unagusa nyumba ya pili, jua kwamba nusu ya hatari imeachwa nje ya karatasi.

Tena namba zenyewe zinatoka wapi? Vitabu na programu hizi zina mifano ya msonobari, jasi, saruji, zulia. Hivyo ndivyo vitu walivyojengea wao. Ili kupata namba za kitu hukatwa kipande cha sentimita 10 kwa 10, kikawekwa chini ya joto linalojulikana kwenye maabara na kupimwa kinavyowaka. Gharama yake si ya kuvunja benki ya kaunti. Mji ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 unastahili namba za makuti yake, za mkoko wake na za matumbawe yake, makuti mapya na ya miaka mitano mbalimbali, ya masika na ya kaskazi mbalimbali. Vijana wetu wanaosoma uhandisi wanatafuta mada za kuandikia, hii hapa.

Limebaki la uwazi, nalo linahusu nyuso vilevile, ingawa halionekani hivyo. Mwisho wa eneo ulilolichora, kule hewa inapokatika, programu huweka ukuta. Ndiyo, ukuta, INERT, pande zote sita, hata juu angani, mpaka wewe uuambie kwamba hapo ni wazi. Nyumba zetu zina kiwanda katikati, kisichoezekwa, ndicho kinachotupa mwanga na upepo. Ukisahau kuufungua mpaka wa juu umekiezeka kiwanda bila kujua. Moto unakula hewa iliyomo, inakwisha, moto unazimika, nawe unaandika ripoti kwamba nyumba ina bahati.

Na dirisha je? Dirisha ukilitoboa kwenye ukuta, hewa inapita, moshi unatoka. Lakini dirisha lenye vyuma nalo hupitisha hewa na moshi vile vile. Kwa hesabu ya moshi madirisha hayo mawili ni sawa. Kwa mtoto anayetaka kutoka si sawa hata kidogo. Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali kulijua hilo: Machi 1998, katika Shule ya Wasichana ya Bombolulu kule Kwale, wasichana zaidi ya 20 walifia bwenini, mlango ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Hakuna rangi kwenye picha ya kompyuta inayoonyesha kufuli. Lazima mtu aulize.

Nilimpigia simu yule mtaalamu. Sikumwambia amekosea, nilimwambia, ndugu yangu, hebu tulipe paa uso wake na tuone. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema alikuwa na haraka ya kazi nyingine na alidhani vitu visivyo chanzo cha moto havina haja ya kuelezwa. Tulikaa pamoja siku mbili. Tukaweka joto la mwanzo nyuzi 28. Tukazipa kuta tabaka zake, dari nyuso zake mbili, ngazi uso wa mbao. Kwa makuti tulitumia njia ya kwanza, tukijaribu namba za chini na za juu kwa sababu za hakika hatuna. Tukafungua mipaka na kuingiza upepo wa kaskazi kutoka upande wa bahari. Kwa namba za chini na kwa namba za juu, tofauti ilikuwa ya sekunde tu: ngazi iliyokuwa nyeupe kwa dakika kumi ilijaa moshi kabla ya dakika ya tatu kwisha.

Kamati ilikutana tena Ijumaa baada ya sala. Safari hii hakuna aliyesema mashaallah. Wakakubaliana jiko lishuke chini uani, ghorofa ya kulala iezekwe dari ya boriti na chokaa kama nyumba zetu, makuti yabaki sehemu ndogo ya kusomea mchana tu, na pajengwe ngazi ya pili upande wa kibla. Gharama imepanda, na michango bado inakusanywa. Mwenye nafasi asisite.

Tulipokuwa tunatoka, Ami akamshika mkono yule mtaalamu kwa upole. "Na magodoro, mwanangu? Watoto arubaini, magodoro arubaini. Nayo umeyapa uso?"

Yule bwana akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake. Hayakuwamo kwenye mchoro kabisa.